Lenzi Tatu kwa Bwawa la Elena

Jumatatu, 7 Aprili. Arua.

Nimesema uongo mbele ya ofisi nzima. Sikuupanga. Ulitoka wenyewe.

Kulikuwa na kikao cha mradi wetu wa samaki, hapa Arua Hill. Kazi yangu vikaoni ni kuandika yanayosemwa na kutosema lolote. Naiweza sana. Madam Harriet, mkuu wetu, akasema wafadhili wanataka picha ya kalenda. Wamechoka na samaki wa kwenye beseni. Wamechoka na mkulima anayetabasamu huku ameshika samaki kwa mkia. Wanataka samaki hai, chini ya maji, ndani ya mabwawa yetu ya Koboko. Nani anaweza?

Swaka akanyoosha mkono. Swaka ni karani mwenzangu, wa tawi la Koboko. Tuliajiriwa siku moja kwa majaribio, na kiti cha kudumu kipo kimoja. Mwisho wa mwezi mmoja wetu atathibitishwa, mwingine ataagwa kwa soda. Akasema ataifunga simu yake kwenye mfuko wa nailoni na kuizamisha. Watu walicheka. Madam hakucheka. Aliandika jina lake!

Hapo nikasikia sauti ikisema kwamba kazi hiyo si ya simu. Inataka kamera ya DSLR, kasha lisilopitisha maji na, zaidi ya yote, lenzi sahihi. Ilikuwa sauti yangu. Ikaendelea kusema kwamba picha za aina hiyo nilizipiga sana nikiwa chuoni.

Chuoni nilisoma makala moja kuhusu jambo hilo, nikisubiri zamu yangu kwenye printa. Sikuimaliza.

Madam alivua miwani. Akasema, "Kumbe Asiku una mambo!" Akafuta jina la Swaka. Masikio yangu yaliwaka aibu hadi saa ya chai. Mimi siwezi kuogelea. Mto Enyau ukiwa na maji ya magoti, nazunguka hadi darajani.

Jumanne, 8 Aprili.

Nimekwenda kwa Constantino, mpiga picha wa harusi pale mjini. Dirishani mwa studio yake kuna kasha la kamera la kuzamia. Ndani ameweka maua ya plastiki. Alilipata kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago, na tangu hapo halijaona maji. Nikaliomba. Nikaomba na kamera yake. Alinitazama kana kwamba nimemwomba mkewe.

Nikamwonyesha kadi yangu ya kazi, ile ninayovaa shingoni. Kadi hii hunisaidia sana. Nikiivaa, watu huniamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Akakubali kwa sharti moja: likiingia hata tone, nitambebea taa kwenye kila harusi mpaka achoke kuniona.

Kisha akanitolea lenzi. Tatu! Taabu ikaanzia hapo. Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Maji hula mwanga, hula na rangi, kwa hiyo mpiga picha asogee karibu kadiri awezavyo. Lenzi pana ni ya vitu vikubwa vilivyo karibu, na inataka kuba la kioo mbele yake. Lenzi ya makro ni ya vitu vidogo, nayo inataka kioo bapa. Ya tatu ni ile inayokuja na kamera, na wataalamu wote wanaisema vibaya kama jirani.

Sasa, ngege, samaki wetu wa bwawani, ni kitu kikubwa au kitu kidogo? Anajaa kiganja. Je, kiganja ni kikubwa? Nilimuuliza Constantino. Akasema samaki ni samaki, akaenda kunywa chai.

Mwishowe niligundua kwamba kasha lina kuba tu. Kioo bapa hakipo. Basi nimechagua lenzi pana, baada ya utafiti wa kina. Nimemwandikia Madam ukurasa mzima wa sababu. Sababu yenyewe haimo.

Jumatano, 9 Aprili. Nyumbani, Mvara.

Balaa! Kasha limetengenezwa kwa kamera nyingine. Ni ndugu ya hii, lakini si hii. Kitufe cha nje kinashuka pembeni ya kitufe cha ndani, kama mtu anayekosa ngazi gizani. Nimekata kipande cha ndala yangu na kukigandisha kwa gundi. Sasa kinabonyeza vizuri. Nilijipongeza. Nimebaki na ndala moja na nusu.

Maelekezo yanasema kasha lijaribiwe kwanza likiwa tupu, na karatasi ya chooni ndani ili unyevu uonekane. Mama Pasca, mwenye nyumba wangu, ana beseni kubwa la kulowekea mihogo. Alikuwa ametoka. Nikalichukua. Kasha likaelea! Nikalikandamiza, likaruka, maji yote yakanijia usoni. Kumbe hewa ya ndani ndiyo inayolibeba, linataka uzito. Nikaweka juu jiwe lake la kusagia, na mimi nikaegemea juu ya jiwe. Ndipo akarudi. Akauliza kama kwetu wanajua kwamba niko hivi.

Bado oringi. Ni pete ya mpira inayoziba mdomo wa kasha, na inapakwa mafuta yake maalumu ili ikae sawa. Nilizunguka Arua yote, mafuta hayo hayapo. Nikamwomba Mama Pasca mafuta ya shea, yale anayojipaka. "Kwani kamera yako imepasuka visigino?" Lakini alinipa.

Karatasi ikatoka kavu! Ni mara ya kwanza wiki hii sikuona aibu. Ilidumu mpaka Swaka alipopiga simu kutoka Koboko. Akauliza, "Profesa, wewe iko najua kuogelea?" Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Ijumaa, 11 Aprili. Koboko.

Nimefika kwa gari la mradi. Bwawa lililochaguliwa ni la Elena, mama kutoka Sudan Kusini aliyetulia hapa zamani na anayefuga ngege kuliko wote. Samaki wake wa sasa ni wa Pasaka. Wateja wameshawaagiza.

Nilishuka na kasha kifuani kama padri na Ekaristi. Watu walinipisha. Elena akanisalimia kwa heshima, akanipeleka ukingoni, akakunja mkono wa gauni na kuzamisha mkono wake majini. Kabla maji hayajafika kiwiko, kiganja kilikuwa kimepotea. Akageuka, uso unang'aa. "Ona! Maji iko mzuri kabisa!"

Maji yalikuwa ya kijani. Kijani kama osubi, mboga ile ya kunde, ikiwa imechemka na mafuta yake.

Na yalikuwa mazuri kweli. Samaki hula ukijani huo, na ndio unaotia hewa majini. Mkulima hutia samadi mpaka kiganja kisionekane maji yakifika kiwiko. Naijua kanuni hii neno kwa neno, kwa sababu niliichapa mimi. Nimeichapa kila mwezi tangu niajiriwe, na kila mwezi chini yake naandika: Bwawa la Elena, kijani, vizuri sana. Wiki nzima nimewaza lenzi. Maji sikuyawaza hata mara moja.

Nilipiga hivyo hivyo, nimelala kifudifudi ukingoni, mikono majini. Picha ya kwanza: kijani. Ya pili: kijani. Nikawasha flashi, kijani chenye nukta nyeupe, kama ndui. Lenzi pana, lenzi finyu, lenzi ya malaika, zote zingeona kitu kimoja.

Swaka alikuwa amekuja kutazama. Alivuta kiti! Akaangalia picha zangu moja baada ya nyingine, taratibu, akasema hiyo osubi imeiva, bado ugali.

Nimempigia Madam. Nikamwambia mwanga haukuwa rafiki. Akasema ananitegemea. Heri angenitukana.

Jumamosi, 12 Aprili. Koboko.

Nina mpango!

Sokoni wanauza shabu, yale mawe meupe ambayo watu huyazungusha ndani ya pipa la maji ya mto mpaka matope yakashuka chini. Shabu ikiweza pipa, kwa nini isiweze bwawa? Nikanunua nyingi. Muuzaji aliuliza kama nimefungua hoteli.

Elena alitaka kujua ni nini. Nilisema ni dawa ya picha. Akauliza, "Haina shida kwa samaki?" Niliitazama kadi yangu. Yeye pia aliitazama. Nikasema haina. Sikuwa najua. Lakini Swaka alikuwa ng'ambo ya barabara anatupungia mkono, na mimi nikasema haina.

Basi akanisaidia kuimwaga. Kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni mvua ikanyesha na kumbikumbi wakatoka. Uwanja wote ulijaa mbawa. Elena na majirani waliwakusanya kwa mabeseni, wanacheka, wanaimba. Mimi nilikaa barazani kwake, nje ya chumba alichonipa, nikiandaa kamera: lenzi pana, kuba, kipande cha ndala, oringi, mafuta ya shea. Elena akaniletea sahani ya kumbikumbi wa kukaanga, wa kwanza kabisa kutoka jikoni, kabla ya wanawe. Nilikula kwa mkono mmoja na kupaka mafuta kwa mkono wa pili. Walikuwa watamu mno. Nilitamani asingekuwa mwema hivyo.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili. Koboko.



Asubuhi Elena alipita bwawani kabla ya kwenda kanisani. Nilisikia ukelele wake nikavaa suruali ndani nje. Maji yalikuwa safi. Safi! Unaona chini, unaona kila jani. Na juu ya maji, midomo. Ngege wote walikuwa wamepanda juu, wanatwanga hewa kwa midomo, wengine tayari wamelala ubavu. "Samaki yangu iko nakufa!" alipiga kelele. "Wewe nasema haina shida! Wewe nasema!"

Watu waliokuwa wanaelekea kanisani wakageuka. Waliweka matawi yao kwenye ua wakashika jerikeni. Wengine wakafungua mfereji wa kijito ili maji mapya yaingie, wengine wakawahamishia samaki kwenye mapipa. Mzee mmoja alikuwa na suti. Aliingia nayo.

Mimi nilibeba jerikeni pia. Nilibeba, naapa. Kisha nikayaangalia yale maji. Hayatakuwa safi hivi tena. Mfereji umeshaanza kuleta tope upande wa pili. Nilikuwa na jerikeni mkono huu, na kasha liko barazani. Nimejiahidi kuandika ukweli humu, basi nauandika: jerikeni niliiweka chini.

Nikaingia hadi kiunoni. Nikazamisha kasha chini ya wale samaki, kuba likitazama juu, nikabonyeza. Kipande cha ndala kilifanya kazi yake vizuri sana. Kisha nikaona ndani ya kuba maji yanapanda, taratibu, kama kwenye glasi. Taa ya kamera ikapepesa mara moja ikazima.

Nilifungua barazani. Juu ya oringi, katikati ya mafuta ya shea, ulilala ubawa mmoja wa kumbikumbi. Umelala vizuri, umenyooka. Ulitosha kupitisha maji.

Elena alipita na beseni la samaki waliokufa. Aliniona nimekaa nafuta kamera. Jioni aliniletea chakula, akaweka mlangoni, akaondoka bila kubisha.

Jumatatu, 14 Aprili. Arua.

Constantino hakupiga kelele. Alimimina maji kutoka kwenye kamera yake ndani ya kikombe, akakiweka mezani tukakitazama wote wawili. Akasema harusi ya kwanza ni Jumamosi baada ya Pasaka. Taa ni nzito. Kisha akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaikausha na kuichomeka kwenye kompyuta.

Kuna picha moja! Moja! Midomo ya ngege imefunguka juu ya maji kama kwaya, jua linashuka kati yao, na juu kabisa, ukiwa umepindishwa na mawimbi, uso wa Elena umeinama. Constantino alivuta kiti karibu. Akasema hata yeye hajawahi kupiga kama hii.

Ni nzuri sana. Nimeitazama yote, isipokuwa ule uso.

Jumatano, 16 Aprili. Arua.

Kikao. Picha imewekwa ukutani. Makofi! Mhasibu akasema samaki wanacheka. Dereva akasema hapana, wanaimba. Madam alikuwa anatafuta miwani yake. Nikainamisha kichwa, na wote wakadhani ni unyenyekevu.

Kisha Swaka akasimama. Sikuamini masikio yangu! Akasema anampongeza Ndugu Asiku kwa kubonyeza, lakini kikao kifahamu kwamba wazo la kusafisha maji lilikuwa lake yeye Swaka, kwa kuwa ndiye anayeyajua mabwawa ya Koboko. Hakuhusika hata kidogo! Alikuwa ng'ambo ya barabara, na Jumapili hakuwepo kabisa! Niliwaka. Nilifungua mdomo nimkanushe.

Madam akapata miwani. Akaisogelea picha. Yeye amesomea samaki, na alikuwa bado hajaiona picha vizuri. Akasema polepole, "Hawa hawaimbi. Hawa wanakosa hewa." Akageuka. "Maji yamesafishwa kwa nini, na nani?"

Kila mtu akamtazama Swaka.

Nilifunga mdomo.

Swaka alinitazama. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Ilikuwa zamu yangu kusema, sentensi moja tu, na Kiswahili ninakijua. Nikainama nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: Bw. Swaka alikiri. Mwandiko mzuri kabisa.

Madam alisema Swaka ataongozana naye kesho kwa Elena kuomba radhi na kulirudisha bwawa kuwa kijani, na kwamba jambo la kiti cha kudumu linaonekana limejimaliza. Akaniambia nije pia, niandike. Nimeshinda. Nimekwenda chooni nikajifungia.

Alhamisi, 17 Aprili. Koboko.

Tumekuja kwa gari la mradi. Swaka alikaa mbele, mimi nyuma, na visogo husema mengi.

Madam aliomba radhi kwa niaba ya mradi. Akaahidi vifaranga vipya vya samaki. Kisha akamsukuma Swaka mbele kidogo. Elena akamwangalia kutoka viatuni hadi kichwani, akashangaa. "Huyu? Huyu alikuwa iko nakaa kwa kiti tu." Akanyoosha kidole, akapita bega la Swaka, akapita Madam, mpaka kwangu nyuma ya gari. "Ni ile ya kadi."

Nilikuwa nimeivaa.

Madam hakupandisha sauti. Alisema anamwelewa mtu mwoga, na anamwelewa mtu mpenda sifa, lakini kuletewa wote wawili mwezi mmoja ni mtihani. Majaribio yetu yameongezwa, ya kila mmoja. Kiti kimebaki kitupu. Na samadi ya kurudisha ukijani tutaibeba sisi, makarani wawili, kutoka zizi la jirani, mmoja kwa kutenda na mwingine kwa kujisifu.

Nilikwenda kwa Elena peke yangu. Nikaomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nikasahau yote, nikasema tu kwamba nilikuwa sijui nikasema najua. Akasema analiona hilo. Akasema samaki wengi wamepona, wateja wa Pasaka watapata nusu nusu. Kisha akanivua kadi shingoni, taratibu, akaitia mfukoni mwa shati langu. "Hii, ukikuja kwangu, weka ndani."

Nililia kidogo nyuma ya zizi. Swaka aliniona, akanipa leso. Ilikuwa inanuka samadi, lakini hata mimi nilikuwa nanuka.

Nimejifunza! Naandika kwa herufi kubwa: SITASEMA TENA NISILOLIJUA.

Jumanne, 22 Aprili. Koboko.

Pasaka imepita. Tumerudi samadini. Bwawa limeanza kupata rangi, na leo asubuhi kiganja changu kilififia maji yalipokaribia kiwiko. Elena akapiga makofi. Swaka nami tumeanza hata kutaniana. Ananiita Profesa wa Mavi. Ni siku nzuri kuliko zote tangu mwezi uanze.

Mchana Madam akaja na mgeni wa wafadhili, mama mpole mwenye kofia pana. Walisimama ukingoni. Mgeni akasema ile picha hawataitumia, anaelewa, lakini imempa wazo. Mamba wa Nile! Chini ya maji! Akauliza kama mradi una mtu anayeweza.

Madam akasema, wazi na kwa sauti, kwamba hatuna mtu.

Ilikuwa kweli. Nilifurahi kuisikia. Nilikaza mikono kwenye koleo langu.

Kisha nikamsikia Swaka anakohoa. Ni kile kikohozi chake cha kunyoosha mkono. Aliweka koleo chini. Akapangusa kiganja kwenye suruali. Akafungua mdomo, na naapa niliuona mfuko wa nailoni machoni mwake.

Nikasikia sauti ikisema kwamba kwa mamba, Madam, lenzi pana haifai hata kidogo. Mamba anataka lenzi ndefu, na kuba zito zaidi.

Mgeni amefurahi sana. Madam amevua miwani na hajaivaa tena.

Constantino bado ana kamera moja. Kesho nitampigia Mama Pasca anitunzie mafuta ya shea, na nimeshaitoa kadi mfukoni, naifuta.